Muulize Mzee Ni Nani Yuko Kule

Kaeni nyinyi. Mimi nitasema nikiwa nimesimama. Tangu Sabato iliyopita nikikaa nainuka, nikiinuka natafuta pa kukaa, hadi mzee wangu ameniuliza kama kuna siafu kitini. Hakuna siafu. Ni nyinyi mlionitia wasiwasi.

Mlisimama mbele ya kanisa baada ya ibada, vijana wazuri, mashati yamepigwa pasi, mkatangaza kwamba mmewaandikisha wazee wa kijiji kizima kwenye bima mpya ya serikali kwa simu zenu. Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga, tena kwa nguvu, maana naijua kazi ile. Halafu huyu mrefu, usijifiche nyuma ya wenzako, nakuona, akaongeza kwa maringo kidogo: "Kuna mzee hakuwa na simu, nikamwekea namba ya mke wa mwanawe, kazi ikaisha."

Makofi yangu yalikatika hapo hapo. Kazi ikaisha? Kazi ndiyo imeanza, kijana wangu! Siku mzee huyo atakapofika zahanati na ugonjwa ambao hata mkewe hajamwambia, ile namba ya siri ya kufungulia matibabu itaingia kwenye simu ya mkaza mwana wake. Naye atatakiwa ampigie aiombe. Wewe unaona ni jambo la dakika moja. Mimi naona mzee akifunga vifungo vya koti lake na kurudi nyumbani bila kutibiwa.

Najua kwa sababu nimeshaona.

Wengi wenu mnanijua kama yule mama wa migomba karibu na mto, anayewagombeza mkikatiza shambani kwake. Sawa. Lakini kabla ya migomba nilikaa miaka mingi kwenye dirisha la bima, kwanza Nyamira, halafu katika hospitali moja mjini Kisii, hadi waliponikatia keki na kunipa blanketi la kustaafu. Kazi yangu ilikuwa wagonjwa wa nje, yaani wale wanaotibiwa na kurudi kwao siku hiyo hiyo. Wazee wa presha, wazee wa sukari, wazee wa magoti. Wakubwa wetu walipenda kuzungumzia upasuaji na vitanda vipya. Sisi wa dirishani tulijua kwamba mzee wa kwetu hamalizwi na upasuaji. Anamalizwa na kidonge ambacho hakukichukua mwezi huu, wala mwezi uliopita, wala ule wa kabla yake.

Aliyenifunza ni Bwana Ombati, mtu mnene, mwenye tabia ya kukohoa kabla ya kila sentensi. Dirisha letu lilikuwa juu, limejengwa na fundi aliyedhani wagonjwa wote ni askari wa gwaride. Mzee mfupi alionekana kofia tu. Ombati akaleta kiti kutoka nyumbani kwake, akakiweka upande wetu wa ndani, na kila mzee aliyefika aliambiwa azunguke, aingie, aketi. Msimamizi wetu akalalamika kwamba ofisi imekuwa sebule. Ombati akakohoa, akasema, "Mzee akisimama atakupa jibu fupi aende zake. Akiketi atakuambia ukweli, lakini si mara moja. Kwanza atakupa habari za ng'ombe." Basi nikajifunza habari za ng'ombe. Nilijua ng'ombe wa nani amezaa na wa nani amevunja ua, na katikati ya hao ng'ombe ndiyo yalikuwa yanatoka magonjwa.

Kulikuwa na nyanya mmoja wa upande wa Suneka, Mama Kwamboka, sukari imempanda hadi miguu imevimba. Bima yake hai, zahanati yake iko ng'ambo ya soko, haendi. Nikamketisha. Tukamaliza ng'ombe, tukamaliza mvua, tukamaliza na mchungaji mpya. Mwishowe akaniinamia akaninong'oneza, "Naiweka. Nikiitumia kwa hii miguu, siku nitakayougua ugonjwa wa maana nitakuta imeisha." Jameni! Alikuwa anaitunza bima kama mahindi ya mbegu! Nilicheka hadi nikashika meza, naye akacheka kwa sababu mimi nacheka. Nilipomweleza kwamba kliniki ya nje hailiwi ikaisha namna hiyo, hakukosa tena. Alikuwa anafika hata siku ambazo hakuitwa, amebeba chupa ya uji, anawahimiza wenzake kwenye foleni.

Kisha zikaja mashine za kusoma kidole. Lo! Ile mashine iliundwa na mtu ambaye hajawahi kuchuma majani chai. Wazee wetu vidole vimeliwa na kazi, na mashine inataka mistari. Chukueni hili, mtalihitaji: mzee akikataliwa, msimwambie "jaribu tena, jaribu tena" mbele za watu hadi ajione mwizi. Mpeni maji ya uvuguvugu anawe, akaushe vizuri, apakwe mafuta kidogo sana, halafu aanze na vidole ambavyo havifanyi kazi sana. Na mkono usiotumika kwa jembe una nafasi nzuri zaidi. Hakuna aliyenifundisha hayo. Nilijifunza kwa kupoteza asubuhi nzima na mikono ya watu.

Hivyo ndivyo nilivyomjua Mzee Makori wa Tabaka. Alikuwa amechonga mawe tangu ujana wake, viboko na sahani na wale akina mama waliobeba mtungi, na kule kusugua kwa msasa ndani ya maji kulikuwa kumemla vidole vikawa laini kabisa. Gumba hakuna. Cha shahada hakuna. Yeye anaicheka mashine tu. "Iambie ni mimi," akasema. "Iambie nimekuja mwenyewe, sikutuma mtu." Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto ndicho kilichokubali, na watu wote wa foleni wakashangilia kama amefunga bao.

Aliyemleta ni mwanawe, Mwalimu Onchiri, anayefundisha kule mjini Kisii. Mtoto mzuri, mwenye heshima, viatu vinang'aa. Wakati ule, chini ya bima ya zamani, ilikuwa lazima mtu achague kituo kimoja cha matibabu ya nje, na akishachagua amefungwa hapo. Kubadilisha kulikuwa na msimu wake, ukikosa, unangoja. Nikauliza, "Tumwandike wapi?" Mwalimu akajibu haraka kabla babake hajafungua mdomo: "Ile zahanati ya bondeni, Mama. Iko mlangoni kabisa." Mzee akatazama kofia yake. Nilidhani amechoka. Nikaandika zahanati ya bondeni.

Muda si mrefu wakapima watu presha kanisani kwao, na ya Mzee Makori ikakutwa iko juu vibaya. Aliyempima alimwambia wazi: bila kidonge kila siku na kupimwa kila mwezi, utaanguka. Si mbinguni wala si baadaye, utaanguka hapa hapa. Kwa hivyo msije mkasema hakujua. Alijua, na kila mtu nyumbani alijua.

Basi siku moja namwona dirishani kwangu mjini, vumbi jeupe la mawe bado liko kwenye nyusi.

"Mzee, karibu. Kuna nini?"

"Kichwa, binti yangu. Naomba nimwone daktari wa hapa."

Nikafungua kompyuta. "Mzee, wewe umeandikwa bondeni. Hapa hawatakupokea kwa bima. Rudi kule, ni karibu."

"Kule kuna mbwa," akasema.

Mbwa! Nikacheka, nikamwambia aokote fimbo. Akacheka pia, akaondoka. Mwezi uliofuata, huyo tena. Safari hii mbwa wamekwisha, sasa ni utelezi. Mara ya tatu foleni ni ndefu. Mara ya nne akaniambia choo cha kule hakifai. Mimi hasira zangu mnazijua. Nilimwambia, "Mzee Makori, unapanda gari kutoka Tabaka hadi Kisii kukimbia choo?" Macho yake yalikuwa mekundu na alikuwa ameushika ukingo wa dirisha kwa mikono yote miwili. Nikamwingiza ndani, nikamketisha kwenye kiti cha Ombati, nikaanza na ng'ombe. Tukamaliza ng'ombe wote wa Tabaka. Hakuna kilichotoka. Akashukuru, akaenda zake na presha yake.

Sikutulia wiki ile. Nilikuwa namwaga chai, nasahau majina ya watu. Kuna wagonjwa mia wanapita mbele yako na mmoja anakukwama kooni. Siku yangu ya mapumziko nikachukua boda boda hadi bondeni, nikijiambia naenda kuwaona hao mbwa.

Hakukuwa na mbwa. Kulikuwa na zahanati safi, maua ya manjano ukutani, akina mama na watoto wamekaa kwenye benchi, na ndani msichana mmoja mpole amevaa koti jeupe, anafanya kila kitu peke yake. Alikuwa afisa wa kliniki, lakini kama kawaida yetu wote walimwita daktari. Jina lake Nyaboke. Nilipomaliza salamu nikamwuliza kwa nini Mzee Makori hafiki kwake.

Akaweka kalamu chini. "Mama," akasema, "yule ni baba mkwe wangu. Mimi ni mke wa Mwalimu Onchiri."

Ee Nyasae, Mungu wangu! Nilikaa bila kuambiwa nikae.

Sasa nyinyi msijifanye hamjui ninachosema, hata kama mmelelewa mjini. Sisi Wagusii tuna ensoni, ile heshima yenye aibu ndani yake kati ya mzee na mke wa mwanawe. Haingii nyumbani kwake. Hamshiki mkono. Wakikutana njiani msichana anapisha, na mzee anatazama kwingine. Sasa mzee huyo avue shati mbele yake? Aulizwe na yeye kama anaamka kukojoa, na mara ngapi? Na ubaya wake ni kwamba hata kusema "siwezi kwenda kwa sababu ni yeye" kwenyewe ni aibu, maana ukishasema, umeshawavua wote wawili mbele za watu. Ndiyo maana nilipewa mbwa na choo.

"Kila mwezi namwona," Nyaboke akaniambia. "Anafika pale langoni, anatazama kama pikipiki yangu ipo, anageuka. Mimi nikamwonea huruma, nikaomba ruhusa siku moja nisije, ili yeye apate kuingia. Akaingia! Nilisikia alifika hadi kwenye benchi, akakaa, akangoja. Lakini chumba kilikuwa kimefungwa, Mama. Mwenzangu alihamishwa, na yule niliyeahidiwa anishikie siku hiyo hakuletwa. Mimi nikiwa sipo, daktari hayupo."

"Na dawa? Huwezi kumpelekea?"

"Bima inataka mwenyewe afike aweke kidole. Nimenunua zingine mwenyewe, nikampa mume wangu apeleke. Mzee anameza akiumwa kichwa, kikipoa anaacha. Tena bila kumpima nabahatisha tu. Naweza kumdhuru."

"Mumeo anasemaje?"

Akacheka bila furaha. "Anasema ile ni hospitali, si nyumba. Anasema alichagua hapa makusudi ili nimwangalie baba vizuri kuliko mgeni. Anasema baba aache ushamba."

Niliondoka pale. Nilimkasirikia Mwalimu, nikaikasirikia bima, nikamkasirikia hata mwenye boda boda kwa kwenda polepole. Lakini nilikuwa na dawa yake mkononi: msimu wa kubadilisha ulikuwa unakaribia. Nilihesabu kama mtoto anayengoja Krismasi. Ulipofunguliwa tu, nikamwita Mzee Makori, nikamwingiza ndani, nikaruka ng'ombe wote.

"Mzee, leo tunakuhamisha. Tunakuleta hapa mjini. Hutakwenda tena bondeni. Lete kidole."

Hakutoa kidole. Alikuwa anaizungusha kofia yake taratibu.

"Umekwenda kule," akasema.

"Nimekwenda."

"Basi umeona." Akaiweka kofia gotini. "Nikihama, watu wataniuliza kwa nini nimeacha zahanati ya mlangoni. Sitajibu. Nisipojibu watajijibu wenyewe. Watasema mke wa mwana wa Makori hajui kazi, hata baba mkwe wake anamkimbia. Msichana yule ni mpya pale, na wamama ndio kwanza wanaanza kumzoea. Nikimharibia jina, nani atamrudishia?"

"Na ukifa, mzee wangu?"

"Nikifa watasema alikuwa mzee."

Haki ya Mungu, nilitaka kumshika mabega nimtikise. Na wakati huo huo nilitaka kulia, kwa sababu sikuwahi kusikia mtu akimpenda mkwe wake namna hiyo bila kuweza kumsalimu kwa mkono. Nilimbembeleza, nikamtisha, nikamwambia namhamisha kwa nguvu. Akacheka. "Na kidole utakipata wapi?" Akavaa kofia akaenda. Msimu ukafungwa.

Basi tukabaki sisi wanawake wawili na simu. Nyaboke alikuwa amesoma na kijana mmoja aliyekuwa akifanya kazi Nyamira, mwanamume, mgeni kabisa Tabaka. Wakapatana: Jumatano moja kila mwezi huyo kijana aje bondeni, na Nyaboke aende akamshikie zamu yake Nyamira. Wakubwa wao wakakubali. Kwa watu wa bondeni ingekuwa ni mabadilishano ya kazi tu, hakuna jina la mtu linaloguswa. Nikamtumia Mzee ujumbe kupitia jirani: Jumatano kuna daktari mwanamume, mgeni, njoo. Nilijua ataelewa.

Alielewa. Jumatano ile nilichukua ruhusa nikaenda kumpitia nyumbani, na nikamkuta amenyoa ndevu, amevaa koti la kanisani. Tulitembea pole pole, yeye akinionyesha mawe ya kuchonga na kuyataja kama watu wa ukoo wake. Alikuwa na furaha. Nakumbuka nilijiambia, mama, leo utalala.

Tulipofika langoni nikaiona pikipiki ya Nyaboke bado imeegemea ukuta. Naye aliiona.

Nikakimbia ndani. Nyaboke alikuwa karibu kulia. Yule kijana alikuwa amepiga simu kutoka Nyamira: mama mmoja anavuja damu baada ya kujifungua, hawezi kumwacha, atachelewa. Na kundi zima la watoto wenye homa lilikuwa limejaa uani hapo, naye Nyaboke hawezi kuwaacha hao pia. Utamlaumu nani? Mimi nilitafuta wa kumlaumu, sikumpata.

Nilipotoka, Mzee Makori alikuwa ameshavuka barabara, ameketi juu ya jiwe upande wa pili, jua linampiga kichwani.

"Tungoje," akasema. "Akija mgeni nitaingia."

"Ingia ukae kivulini basi, uani tu. Hutamwona hata."

"Nitangoja hapa."

Jua likapanda. Mimi nikawa naenda langoni, narudi kwenye jiwe, naenda langoni, natazama barabara ya kutoka Kisii, narudi kwenye jiwe. Nilimwambia nitakaa kati yake na Nyaboke mimi mwenyewe, na leso yangu kama pazia. Nilimwambia Mungu hana shida na shati. Akanitazama kwa upole. "Binti yangu, kaa chini," akasema. "Unanitia kizunguzungu."

Nilicheka. Nikakaa. Ndipo akaanza kuniambia jambo kuhusu ng'ombe, na maneno yakaanza kugongana mdomoni. Nikadhani anatania. Kofia ikadondoka, na mkono wake wa kulia haukuifuata. Kisha akateleza kutoka kwenye jiwe taratibu, akalala ubavu kwenye vumbi, na upande mmoja wa uso wake ukashuka.

Sijui nilipiga kelele gani. Nyaboke alitoka mbio, viatu mkononi sijui kwa nini, akavuka barabara bila kutazama. Halafu akasimama. Hapo, karibu yake kabisa, akasimama, mikono imening'inia. Watu wote wa benchi walikuwa wametoka wanatazama.

"Tata," akasema, yaani baba, "unisamehe."

Akapiga magoti, akamkumbatia kifuani, akamfungua shati, akamlaza kichwa mapajani mwake, akaanza kutoa amri kwa sauti ambayo sikujua anayo. Wewe leta maji, wewe simamisha gari, wewe shika miguu. Alimshikilia hivyo njia nzima hadi mjini.

Hakufa. Alilazwa, na bima ikalipia kitanda na kila kitu, hakuna aliyeuliza swali. Kwa kulazwa alikuwa na haki zote. Lakini mkono wa kulia ulikuwa umekwisha, na hakuchonga jiwe tena. Mwalimu Onchiri alikuja na viatu vyake vinavyong'aa, akasimama kwenye korido akalia waziwazi. "Nilidhani nimemfanyia baba vizuri kuliko ndugu zangu wote," akasema. Nilikuwa nimemwandalia maneno makali tangu bondeni. Yalinikauka. Alikuwa anasema kweli, alimchagulia kwa mapenzi.

Sasa wewe mrefu, na wenzako, nisikilizeni vizuri maana siwezi kusimama hapa mchana kutwa. Bima imebadilika. Siku hizi hakuna kufungwa kituo kimoja kama zamani, na nasikia wazee wanapokelewa zahanati yoyote ya karibu. Vizuri sana, nashukuru. Lakini mzee hajabadilika. Mkimwandikisha, msiulize tu "ipi iko karibu" na "simu ya nani". Mketisheni. Acheni apitishe ng'ombe wake. Halafu mwulizeni, taratibu, akiwa peke yake: ni nani yuko kule? Yule anayeshika hiyo simu, unaweza kumwambia unakoumwa? Akitazama kofia yake, hilo ndilo jibu, msingoje lingine. Na wewe, kesho asubuhi urudi kwa huyo mzee ubadilishe hiyo namba. Weka ya mjukuu wake, weka ya jirani, weka yangu. Si keshokutwa, kesho! Ukinijibu "sawa" kwa mdomo tu nitakufuata hadi kwenu.

Mimi nilikwenda bondeni mara moja zaidi, Mzee alipoanza tena kutembea na fimbo. Nilimsindikiza hadi langoni. Pikipiki ilikuwepo. Aliitazama, akapita, akaingia moja kwa moja hadi chumbani, akaketi kwenye kiti kilicho mbele ya mkwe wake, akamtolea mkono wa kushoto. Hawakutazamana. Yeye anatazama ukuta huu, Nyaboke anatazama ukuta ule, na katikati yao kitambaa cha kupimia presha kinajaa upepo polepole.

"Imeshuka, Tata," Nyaboke akasema. "Imeshuka vizuri."

Mzee Makori akatikisa kichwa. Maneno yalikuwa bado yanamtoka kwa shida, yamepinda upande mmoja. "Kumbe ilitakiwa nianguke tu," akasema. "Ningejua, ningeanguka mapema, mkono ukiwa bado mzima."

Nyaboke akacheka. Alicheka kweli, kisha akaweka mkono mdomoni, akainuka akatoka kwa mlango wa nyuma, na tukamsikia analia huko nje karibu na tangi la maji. Mzee akabaki kitini. Nami nikakaa kwenye benchi kando yake, kitambaa bado kimemfunga mkono, tukamngoja arudi.